Kipande Kilichokataa Kuhama

Siku ile mjinga alikuwa daktari wa mifupa, wala si mgonjwa, na mwenyewe hukiri hivyo bila kushikiwa fimbo. Ujinga wake haukuwa wa kukosa shule. Shule alikuwa nayo hadi utosini. Ulikuwa ule wa mtu aliyezoea kupatia, akasahau kuwa macho nayo hudanganya.

Wauguzi walimwita Umeme, maana uamuzi wake ulitoka kabla mgonjwa hajamaliza kuketi. Asubuhi hiyo aliyeketi mbele yake alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, goti la kushoto limemvimba kana kwamba limeumwa na nyuki. Umeme alipachika picha ya eksirei kwenye kioo chenye taa. Nyuma ya goti, kwa ndani, palionekana kipande cha mfupa kidogo kama punje ya hindi.

"Hicho kimevunjika, kinaelea," alisema. "Kesho tunafungua, tunakitoa. Kazi ya kufumba na kufumbua."

"Nitapanda ngazi tena?" fundi aliuliza, kijasho kikimtoka. "Maana mimi bila ngazi ni ndege asiye na mabawa, daktari. Na nyumbani wote wananitazama mimi."

"Utapanda mpaka mawinguni!"

Mpiga eksirei wa hospitali, mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Picha, ndiye aliyeileta picha hiyo na alikuwa bado amesimama mlangoni. Alikuwa na mazoea yaliyowaudhi wenzake: hakuiamini picha mpya kabla ya kuichakura ya zamani kwenye faili. Akaingia, akapachika picha ya goti hilohilo ya miaka mitatu nyuma kando ya ile mpya.

"Daktari, kinachoelea huhama. Hiki hakijahama hata unywele."

"Tangu lini ukawa mganga, Mama Picha?"

"Tangu wewe uwe na haraka. Tumpitishe kwenye mashine ya sumaku kwanza, ituonyeshe na nyama za ndani."

Umeme alicheka, akatia saini ili tu amnyamazishe.

Mchana, picha zilipofunguka kwenye kompyuta, kicheko kilimkauka. Hapakuwa na mfupa uliovunjika popote. Kile kipande kilikuwa kimeota ndani ya gegedu lenyewe, ule mfupa laini wenye umbo la mwezi mchanga unaokaa kama mto kati ya mifupa ya goti. Kilikuwa mfupa kamili, uboho wake uking'aa sawasawa na wa mifupa mikubwa jirani. Nywele zilimsimama. Kesho yake angekivuta kwa nguvu, gegedu lingechanika pamoja nacho, na fundi angebaki kuitazama ngazi kwa macho tu.

Alirudi kwa fundi pamoja na Mama Picha, akaeleza yote. Kisu kiwekwe kando. Mapumziko na mazoezi kwanza, kisha waangalie tena. Fundi alilikumbatia goti lake kama mtu aliyenyang'anywa mtoto akarudishiwa.

"Lakini msinilaumu!" Umeme alifoka, aibu ikimpanda hadi masikioni. "Miaka ishirini nafungua magoti, sijakutana na mfupa wa namna hii. Ni nadra mno! Nani angejua?"

"Hata mimi sikujua," Mama Picha alimjibu, "ndiyo maana nikatafuta taa. Usilolijua ni usiku wa giza, daktari, na gizani hapashikwi kisu."