Siku Ichcapan Ilipokataa Kodi

Katika mji wa Ichcapan, penye pamba nyeupe kuliko pamba yote ya nchi ya joto, hakuna mtu aliyechukiwa kama Tecpatl, mtoza kodi wa Wamexica waliotutawala sote. Kila msimu alikuja kutoka mji mkuu uliojengwa katikati ya ziwa, akinusa ua mkononi, mtumishi nyuma akimfukuzia nzi, na kabla hajaketi wanawake walikuwa wameshaanza kumlaani chinichini. Alichukua shuka, alichukua kakao, alichukua manyoya ya ndege. Mwaka wa ukame, shuka zilipopungua, alichukua pia vijana wa kutolewa kafara juu ya hekalu la mabwana zake. Mmoja wao alikuwa mtoto wa kwanza wa Mazatl, mtemi wa Ichcapan.

Hata hivyo, Tecpatl aliijua Ichcapan nyumba kwa nyumba. Alijua ni mjane yupi ameumwa mikono asiweze kufuma, na ni shamba lipi limeliwa na panzi. Siku ile ile alipowachukua vijana, askari wake walipomkamata Xoco, binti mdogo wa Mazatl, yeye aliwakemea.

"Mwacheni huyo! Na mbegu za pamba zirudisheni ghalani. Nikiwamaliza leo, mwakani nitakula kwa nani?"

Maneno hayo yalimchoma Mazatl kama mkuki. Kushukuru hakuweza, na nani angemlaumu? Tangu hapo alikuwa na haja moja tu duniani: Xoco asichukuliwe na mtu yeyote.

Ndipo zikaja habari za wageni wenye ndevu waliotoka baharini, wamevaa chuma, wamepanda wanyama wakubwa mfano wa paa wasio na pembe. Walipofika Ichcapan, Mazatl aliwakaribisha kwa nyama ya batamzinga, mikate ya mahindi na kakao iliyokorogwa ikafanya povu. Kisha, kama ilivyo desturi yetu tangu enzi za mababu, aliuliza swali ambalo kila mji humwuliza mwenye nguvu anapobisha hodi.

"Kodi yenu ni kiasi gani?"

Mkalimani alinong'onezana na jemedari wao, kisha akatabasamu. "Mkubwa anasema hataki kodi. Nyinyi ni ndugu zake. Anataka watu wa kupigana na wa kubeba mizigo mpaka Wamexica waanguke, basi."

Uwanja mzima ulilipuka kwa vigelegele. Aliyenyamaza ni Necahual peke yake, mke wa Mazatl, mwanamke ambaye mjini aliogopwa kuliko mumewe kwa ukali wa ulimi.

"Baba Xoco," alianza walipofika nyumbani, "umewahi kwenda sokoni ukakuta mtu hataji bei?"

"Mama Xoco, usianze."

"Naanza! Asiyetaja bei hakuja kununua. Huyo kaja kubeba."

"Kwa hiyo unamtaka Tecpatl? Tecpatl aliyekuulia mwanao?"

Machozi yalimlengalenga Necahual. "Simtaki. Namwombea afe kifo kibaya. Lakini yule namjua, hata harufu ya ua lake naijua. Hawa sijui hata wanakula nini."

"Wanakula batamzinga, umewaona mwenyewe. Wamebakisha manyoya."

"Haya, cheka," alisema Necahual.

Msimu ule Tecpatl alipokuja, watu wa Ichcapan walimnyang'anya ua, wakalikanyaga, wakamfukuza kwa mawe hadi nje ya mji. Vijana walicheza ngoma mchana kutwa. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika, na Mazatl akawakusanya wanaume wake, akaondoka nao kuandamana na wageni kwenda kuuzingira mji wa ziwani.

Sasa, vita Mazatl alivijua vizuri, yaani vile vya kwetu. Katika vita vya kwetu shujaa hasifiwi kwa kuua. Humkamata adui kwa nywele na kumwita mwanangu mpendwa, naye mateka humwita baba yangu mpendwa, na tangu hapo ni wa huyo aliyemkamata, hakuna wa kumgusa. Hekalu la mji likishaungua, vita vimekwisha. Wakubwa huketi na maua mkononi, wakapatana kodi, na aliyeshindwa akabaki na miungu yake na mashamba yake. Mazatl alikuwa akikingojea kikao hicho. Angeomba jambo moja tu mbele ya wote, kwamba mtoto wa Ichcapan asichukuliwe tena milele.

Mji wa ziwani ulibomolewa nyumba baada ya nyumba. Ndani watu walikufa kwa njaa na kwa maradhi ya vipele yaliyokuja na wageni. Katika kifusi kimoja Mazatl alimkuta mtu mifupa mitupu akitafuna kipande cha ngozi. Alikuwa Tecpatl. Mazatl alimrukia, akamshika nywele za utosini.

"Mwanangu mpendwa," alisema kwa chuki.

"Baba yangu mpendwa," Tecpatl aliitikia kwa kejeli. "Xoco hajambo?"

"Mkome binti yangu!"

"Si nilikuachia mimi? Haya, hao rafiki zako mmepatana kodi gani?"

"Hawatozi."

Tecpatl alicheka mpaka akakohoa. "Hawatozi? Ole wako, Mazatl. Mimi nilikuwa mchumaji, na mchumaji huuacha mti. Wenzako hao wamekuja na shoka."

Askari mmoja mwenye ndevu, katika kupita kwake, alimchoma Tecpatl upanga wa tumbo akaenda zake, hata hakugeuka kumtazama. Mazatl alibaki ameshika nywele za maiti. Kifo kile alikuwa amekiomba miaka yote, na kilipokuja hakikumpa raha yoyote.

Hekalu liliungua, mji ukaanguka, lakini kikao hakikuitishwa. Mazatl alivaa shuka yake nzuri, akasimama na maua yake mbele ya kambi ya wageni mpaka maua yakanyauka. Askari walipita wakimcheka. Hatimaye mkalimani alimwonea huruma.

"Nenda kwenu, mzee. Kuna mtu ameshapewa Ichcapan."

"Amepewa? Nani kaitoa?"

"Mkubwa. Mashamba, watu, na wewe mwenyewe."

Vipele vilikuwa vimemtangulia nyumbani. Nyumba nyingi zilikuwa zimebomolewa juu ya wenyewe kwa kukosa watu wa kuzika. Necahual alipona, lakini macho yalikuwa yamepofuka. Xoco alikuwa mzima, na Mazatl alipomwona alianguka miguuni pa binti yake akalia kama mtoto.

Bwana mpya hakukawia. Siku aliyofika aliiteketeza miungu ya mji, akawapanga watu uwanjani, akachagua wote wenye nguvu wapelekwe mtoni kuchekecha dhahabu. Chuma kilikuwa kinapashwa moto ili wapigwe chapa mashavuni. Xoco alivutwa pamoja nao.

Mazatl alipiga magoti, akafanya jambo pekee alilolijua, kupatana.

"Bwana, chukua shuka zote. Chukua na mbegu. Nichukue mimi. Niachie huyu mmoja tu, atazaa, mji utajaa, nawe utapata watu wa kukufumia."

Bwana yule aliuliza mzee anasema nini, akajibu kwa kifupi. Mkalimani aliinamisha macho.

"Anasema wakiisha hawa, atachukua wengine kwingine. Nchi ni kubwa."

Necahual, aliyekuwa amekaa kizingitini, alisikia ukelele.

"Baba Xoco, nani huyo analia? Si mwanangu, sivyo?"

Mazatl aliutazama msafara ukiondoka, kamba shingoni, mpaka vumbi likatulia. Hakuna aliyerudi kutoka mtoni. Mvua iliyofuata hapakuwa na mtu wa kupanda pamba, na kichaka kikaingia hadi milangoni. Sisi wa miji ya jirani tulipopita kwenda kutafuta chumvi tuliwakuta wazee wale wawili kizingitini, mmoja anauliza, mwenzake kimya.

Simtetei Tecpatl, damu ya vijana wale haifutiki. Lakini mikononi mwake Ichcapan ilipungua, na mikononi mwa wageni ilikwisha. Kweli, zimwi likujualo halikuli likakwisha.