Hodi kwenye Chumba cha Majoho

Hapo zamani, mji wa Vumbwe ulipokuwa bado una sultani wake na sultani bado ana meno yake yote, alitawala Sultani Badrudini, mtu mwenye mali nyingi na shughuli chache. Na mtu wa namna hiyo, jamani, msimwache akae bure, maana atazua jambo. Basi akazua. Akatangaza barazani kwamba yeyote atakayekubali kukaa chumbani peke yake miaka saba, asimwone mtu wala asiseme na mtu, atapewa reali elfu kumi. Lakini akimjibu mtu hata neno moja, shamba lake litakuwa la sultani.

"Penye udhia penyeza rupia," akasema Sultani akizipapasa ndevu zake. "Maskini huuza chochote. Huyu atauza hata salamu za jirani zake."

Watu wakaja, kwani reali elfu kumi si mchezo. Kwa miaka miwili wakaja sita, na wala hakuna aliyemaliza mwezi. Msiseme upweke uliwashinda. Hata nafasi ya kushindwa nao hawakupewa! Sultani alikuwa na hila yake. Siku ya nne au ya tano, jua likiwa kali na mtu amejinyoosha anasinzia, Sultani humtuma mtumishi akasimame mlangoni na kuita, "Hodi!" Na mtu wa Vumbwe, tangu yungali ananyonya, amefundishwa kwamba hodi haiachwi bila jibu. Basi yule maskini huisikia usingizini, na ulimi wake haungoji akili. "Karibu! Karibu ndani!" Kwisha maneno, shamba limekwenda.

Wa sita alikuwa mtu mmoja jina lake Ngwali. Yeye hakusema karibu tu, aliongeza na "pita ukae, chakula ki tayari." Na shamba alilolipoteza halikuwa lake hata kidogo. Lilikuwa la mkewe, Mwanakheri, mikarafuu aliyoachiwa na marehemu mama yake, naye Ngwali aliliweka dhamana bila hata kumwuliza. Wakaambiwa Idi ikisha wahame.

Ikawa siku tisa kabla ya Idi, akaja barazani mtu mwembamba, kifua wazi, amejifunga shuka iliyochakaa, akapiga magoti. Alikuwa Vuai, mdogo wake Mwanakheri, ambaye watu wa mji walimwita Vuai Nguomoja na kumcheka njiani.

"Maulana," akasema, "nimekuja kuuza miaka yangu saba."

"Una shamba?"

"Sina hata pa kuzikwa. Lakini nina mikono miwili. Nikishindwa, nitakuchotea maji mpaka nife. Nikishinda, nataka shamba la dada yangu. Na zile reali nazo utanipa, Maulana, sijafikia daraja ya kuzikataa."

Sultani akacheka sana. Mchota maji wa maisha, tena wa bure! "Nimekubali. Jumba langu lina vyumba arobaini, chagua ukitakacho."

"Chochote?"

"Chochote."

"Na kikishakuwa changu, mtu aweza kuniingilia?"

"Haingii mtu ila umemwambia karibu," akasema Sultani, na moyoni akajichekea, kwa kuwa karibu ndilo neno alilokuwa akilingojea. "Akiingia pasipo karibu yako, awe mtumishi, awe mimi mwenyewe, basi nimeshindwa mimi."

Kadhi akaandika yote, muhuri ukapigwa.

"Basi, Maulana, nachagua kile chumba cha mlango wa kijani, chenye kidirisha cha dobi."

Kile kilikuwa chumba cha majoho. Humo mlikuwa na kanzu zote za Sultani, na vilemba vyake, na mikanda yake ya hariri, na juu ya yote lile joho la enzi lililodariziwa kwa dhahabu, alilolivaa babu yake na babu wa babu yake. Sultani akautazama ule muhuri. Kisha akajiambia, ah, siku nne tu hizo. Vuai akaingia, mlango ukafungwa.

Siku ya kwanza tu, mambo yakaharibika. Dobi akaja na kanzu tatu zilizofuliwa na kunyooshwa, akazipitisha kidirishani kama alivyofanya kila siku kwa miaka thelathini, akaenda zake. Sultani akabaki na ile aliyoivaa.

"Wee dobi, una akili wewe?" akafoka.

"Maulana, miaka thelathini umeniambia nipitishe pale. Leo hukuniambia nisipitishe."

Siku ya nne, jua la mchana likiwaka, mtumishi akaenda akaita, "Hodi!" Kimya. Akaita tena. Kimya. Siku ya tano akatumwa mpishi, mwenye sauti ya kumwamsha maiti, akarudi anakohoa. Sultani akadhani mtu amekufa, lakini sahani iliyopitishwa kidirishani asubuhi ilikuwa imerudi nyeupe, hata punje ya wali haimo.

"Maulana, kwani hukuambiwa?" akasema mpishi. "Huyu ana nguo moja tu duniani. Akiifua hukaa ndani uchi mpaka ikauke, na watu wakipiga hodi hunyamaza kama hayumo. Amefanya hivyo maisha yake yote. Wewe umemletea hodi mtu aliyezizoea!"

"Lahaula!" akasema Sultani, na jasho likamtoka. Na kanzu ile ilikuwa imekwisha kunywa jasho la siku tano. Siku ya sita hapakuwa na hila, ilibidi ifuliwe. Basi Sultani wa Vumbwe akajifunga shuka ya kitandani, akajificha nyuma ya pazia. Mara wakaja wageni kutoka bara, wakapiga hodi mara tatu kwa adabu. Sultani akanyamaza kama hayumo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, hayo ndiyo yake.

Mafundi wangeweza kumshonea kanzu, ndiyo. Lakini joho la enzi halishonwi kwa siku tatu, na desturi ya Vumbwe ni kwamba sultani asiye na joho lile hapewi mkono wa Idi na wazee wa mji. Na sultani asiyepewa mkono, huyo wa nini?

Siku ya nane akafanya jambo ambalo baadaye hakupenda kulikumbuka. Akaagiza Mwanakheri aletwe, akamsimamisha mbele ya mlango wa kijani. "Mwite," akasema. "Akikujibu, nitakurudishia nusu ya shamba."

Mwanakheri akatikisa kichwa. Askari mmoja akamsogeza mbele.

"Hodi," akaita. "Hodi, Vuai. Ni mimi. Hodi, ndugu yangu, u mzima humo?"

Wakangoja. Hapakusikika hata mtu kujikuna. Mwanakheri akajifunika uso kwa mtandio wake akaondoka akilia, naye Sultani akatazama chini kama mtoto aliyevunja mtungi.

Asubuhi ya Idi ngoma zikalia, wazee wakajaa uwanjani. Sultani akasimama mlangoni pamoja na kadhi. Akapiga hodi yeye mwenyewe, mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Kimya.

"Ingieni!" akawaambia askari.

"Maulana," akasema kadhi taratibu, "maneno ni yako na muhuri ni wako."

"Haya, nimeshindwa! Umesikia, Vuai? Nimeshindwa, toka!"

Kimya vile vile. Mtu aliyekwisha kuona hila moja hanaswi na ya pili. Basi Sultani akavuta pumzi, akausukuma mlango kwa mkono wake mwenyewe, akaingia bila kuambiwa karibu, na kadhi akashuhudia.

Akamkuta Vuai ameketi juu ya sanduku, amevaa joho la enzi, na nyuma yake shuka imetundikwa inachuruzika maji.

"Niwie radhi, Maulana," akasema Vuai. "Leo Idi, nimefua. Bado haijakauka."

Sultani alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Akacheka mpaka akajishika mbavu, na kadhi akacheka, na askari nao wakageukia ukutani mabega yanawatetemeka. Kicheko kilipopungua, Sultani akaketi chini mbele yake.

"Sasa niambie kweli, wala sitakufanya lolote. Kwa zile reali peke yake, ungekaa miaka saba?"

"Maulana, siku ya pili nilianza kuzisalimia kanzu zako. Siku ya tatu nikaona zimeninunia. Kwa reali elfu kumi? Ningetoka mbio, na kama ninazo ningekupa wewe unifungulie."

"Lakini hodi hazikukusumbua. Wewe umezizoea."

"Nyumbani nimezizoea, kwa kuwa nguo ikikauka natoka, namkuta aliyepiga hodi yungali kwenye kona ananicheka." Akapandisha mkono wa joho mpaka kwenye kiwiko. Mkono wote ulikuwa alama za meno, nyingine zimevilia, nyingine mbichi. "Hii ni ya mtumishi wako. Hizi mbili za mpishi, ana sauti nzuri yule. Hii ya leo ni yako." Iliyobaki ilikuwa imechimbika, damu imeganda juu yake. "Na hii ni ya dada."

Hakuna aliyecheka. Sultani akautazama ule mkono. Kisha akamwambia kadhi aandike mashamba yote sita yarudi kwa wenyewe, na reali zihesabiwe palepale, na mlango wa kijani ung'olewe ukawe kuni.

"Na mwiteni dada yake," akasema. "Mwambieni asipige hodi. Apite moja kwa moja."

Idi ya mwaka ule Sultani alichelewa sana kufika uwanjani, na wazee, walipokwisha kumpa mkono, hawakumwuliza kwa nini macho yake yalikuwa mekundu.