Kilo ya Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa karanga, mizani na aibu tele. Aibu nyingine ni yangu, nitafika huko.

Kiboko alikuwa mlinzi wa shamba la karanga la Bi Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu. Ujira wake ulikuwa kilo moja. Lakini kila mavuno alibeba gunia zima, puu! begani, akisema, "Hii ndiyo kilo yangu." Watoto wa Sange wakashinda na njaa.

Mwaka huo lilipatikana gunia moja tu. Sange akamsimamisha mbele ya wanyama wote.

"Mzee Kiboko, kilo ni nini?"

Masikio ya Kiboko pepe, pepe. Hakujua, na aliona haya kusema hajui.

Sange akamnong'oneza, "Nikusitiri, mzee. Ni neno la Wagiriki, watu wa ng'ambo. Kwao lilikuwa elfu. Ndiyo maana kilomita ni mita elfu, kilogramu ni gramu elfu. Basi hesabu karanga elfu, uchukue."

"Nilijua!" Kiboko akanguruma. "Nilikuwa nakupima tu."

Gramu si punje ya karanga, lakini angemuuliza nani?

Sange akamwekea konzi moja mbele, gunia likabaki nyuma yake. Ta, ta, ta, Kiboko akahesabu mpaka kumi. Mbele ya kumi, giza.

"Nimekosea."

"Anza tena, mzee."

Ta, ta, ta, mpaka kumi.

"Nimekosea."

"Anza tena, mzee."

Nyuma yake watoto wa Sange, chakacha, chakacha, wanahamisha.

Jua likazama. Mtoto wa Tumbili akauliza kwa sauti, "Mama, baada ya kumi si kumi na moja?"

Wanyama wakaangua kicheko. Kiboko akageuka, gunia tupu! Aibu ikamchoma mwili mzima. Akakimbilia mtoni, chubwi! akabakiza pua. Hata leo mchana hujificha majini, hutoka kula wakati hakuna wa kumuuliza kitu.

Ngano yangu imejaa mizani. Anayeiona pungufu aongeze yake. Na funzo ni hili: ukiulizwa usilolijua, kamwe usione haya kusema hujui.

Mimi nimepima unga dukani miaka thelathini. Juzi, kabla sijaulizia mtu, mjukuu wangu Mwanahawa akaniuliza, "Bibi, kilo maana yake nini?"

Nikamwambia, "Najua sana," nikachukua ndoo, nikaenda kuoga.