Madaraja Mawili ya Bi Nyanzala

Bi Nyanzala alitawala kisiwa kidogo katikati ya mto. Ng'ambo ya kulia alikaa Jumbe Mahita, ng'ambo ya kushoto Jumbe Songoro, mahasimu wenye askari wengi. Siku moja wote wawili walimjia.

"Chagua bwana wa kukutawala," alisema Mahita. "Ukimchagua huyu, nitachoma mashamba yako."

"Ukimchagua yeye, nitayachoma mimi," alisema Songoro.

"Wanangu, msigombee kikongwe," alicheka Bi Nyanzala. "Atakayetangulia kunikamilishia daraja ndiye bwana wangu. Ila tufuate desturi za mto."

"Tunaapa!" walisema, kila mmoja akikimbilia mafundi wake.

Baada ya mwezi, Mahita alivuka kwa ngoma. "Langu tayari! Piga magoti."

"Hongera, baba. Na karamu je? Kwa desturi uliyoiapia, daraja halijakamilika mpaka jirani wa ng'ambo ya pili aje ale na kulibariki. Kamwite Songoro."

"Songoro ale kwangu? Bora nife!"

Kesho yake alifika Songoro kwa daraja lake, akajibiwa vivyo hivyo, akaondoka amenuna.

Watu wa kisiwani wakawa wanavuka kulia kuuza vyungu, wanavuka kushoto kununua chumvi. Bi Nyanzala hakumpigia mtu magoti. Kila alipokutana na jumbe aliuliza tu, kwa upole, "Baba, karamu lini?"