Kibaba cha Manjano

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na mawifi wa kuwasengenya, aliishi mama mmoja aitwaye Sange. Mnamjua sange? Yule mdogo kama panya, pua ndefu kama mdomo wa birika. Kwa sababu ya pua hiyo alifanywa mpishi wa kijiji kizima. Hakuombwa, alifanywa. Aliyejaliwa kipaji hutwishwa na mzigo wake, ndivyo dunia ilivyo.

Majirani zake walikuwa Mzee Kiboko na Bwana Nyati. Hao kazi yao ilikuwa moja tu: kuwa wakubwa. Na waliifanya kwa bidii, alfajiri hadi magharibi.

Kijiji kilikuwa na nyumba zao tatu tu, shamba moja na ghala moja. Kiangazi kikikaribia, ghala hugawanywa, na mila ilisema: mkubwa huchagua kwanza. Nani aliitunga mila hiyo? Loo! Mnadhani aliitunga sange?

Mwaka uliotangulia, Kiboko alichagua kunde. Nyati akachagua mtama na karanga. Sange akaachiwa viungo. Kiangazi chote watoto wake walikunywa maji ya moto yenye bizari, mbavu zikawa nje kama mabua ya paa. Kitindamimba nusura wamzike. Sange alipokwenda kuomba kunde japo za kiganja, Mzee Kiboko alimjibu huku anatafuna:

"Vumilia, bibie. Umbo lenyewe hilo halihitaji chakula kingi."

Sange akarudi nyumbani mikono mitupu. Lakini neno lile alilitia moyoni, akalifunika kwa kifuniko.

Mwaka huu, mavuno yalipoingia ghalani, akawaalika wakubwa wote wawili kula kwake. Akapika kunde vyungu viwili. Chungu cha kwanza kilikuwa kunde na maji, basi. Cha pili alikitia tangawizi, pilipili, kitunguu saumu, bizari nyembamba, manjano na chumvi, mpaka moshi wake ukapiga chafya.

Kiboko akaonja cha kwanza. "Mh! Hiki chakula au dawa ya kuoshea vidonda?"

Akaonja cha pili. Mara jasho tiriri! Kamasi chururu! Moyo du-du-du!

"Nyati, ndugu yangu! Nasikia nguvu zinapanda!"

"Hata mimi!" Nyati akanguruma, macho mekundu kama makaa. "Nasikia pembe zinakua!"

Pembe hazikuwa zinakua. Zilikuwa zinawasha tu kama vyote vingine.

"Kunde ni zile zile, wazee wangu," Sange akasema polepole, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja. "Ah! Nimeropoka. Kuleni, kuleni."

"Umeropoka nini?"

"Si kitu, Mzee."

"Sema, bibie!"

"Basi nitasema, lakini isitoke jikoni humu." Sange akasogea karibu. "Chukueni kibaba cha kunde na kibaba cha bizari. Kipi kinaongeza damu zaidi? Bizari! Tena kwa mbali. Kibaba kwa kibaba, kunde haioni ndani. Manjano vilevile. Na pilipili ndiyo usiseme, vitamini zimejaa mpaka zinamwagika."

"Kumbe!" Kiboko akageuka. "Ndiyo maana mwaka jana ulichukua viungo!"

"Niliachiwa, Mzee."

"Uliachiwa! Mjanja huyu! Ulikuwa unatuibia nguvu mchana kweupe!"

Na watoto wa Sange wamelala pale pembeni, miguu kama njiti za kiberiti. Wala hakuna aliyewatazama. Mwenye akili kubwa hana haja ya macho.

"Na chumvi je?" akauliza Nyati.

"Chumvi haina damu wala vitamini, Bwana. Sikufichi. Ila inakamata maji mwilini."

"Inakamata? Basi ni kali hiyo! Chumvi yangu!"

Wakaanza kugombana palepale, huyu anasifu tangawizi, yule anasifu pilipili, kila mmoja mtaalamu wa lishe tangu alipomeza kijiko cha mwisho. Hakuna aliyeuliza swali ambalo hata kifaranga angeuliza.

Siku ya kugawana, kijiji kizima kikakusanyika mlangoni pa ghala. Nyati akasimama mbele, akasema kwa sauti nzito: "Mkubwa huchagua kwanza! Na kilichochaguliwa hakirudishwi! Tunaapa?"

"Tunaapa!" wakajibu wote. Sange aliapa kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Kiboko akachukua manjano, bizari na tangawizi. Nyati akabeba pilipili na chumvi.

Sange akajitupa chini. "Uwiii! Mnaniachia kunde? Na mtama? Na karanga zote hizi? Nitalea watoto na nini mimi!"

"Vumilia, bibie," akasema Kiboko. "Umbo lenyewe hilo halihitaji nguvu nyingi."

Kiangazi kikaingia. Majani yakakauka, mto ukawa tope.

Mzee Kiboko akakaa kitako mbele ya kibaba cha manjano, akafumba macho, akabwia. Pwaa! Vumbi la manjano likatokea puani. "Kho! Kho! Kho!" Akaongeza kibaba cha bizari ili ateremshe kile cha kwanza. Tumbo likamjibu kwa namna ambayo sitaieleza, kuna watu hawajala hapa.

Na Bwana Nyati? Alikula pilipili kibaba kizima bila kutafuna, kama mwanamume.

"Mamaaa!"

Alipita kijijini mkia juu, akajitosa kwenye tope, chubwi! Kiu ilipomzidi, akakumbuka chumvi inakamata maji. Akailamba. Basi.

Haikupita wiki mbili, ngozi zao zikawa zinaning'inia kama shuka kwenye kamba. Wakajikokota mpaka mlangoni kwa Sange. Ndani chungu cha kunde kinatokota, tokoto-tokoto, na watoto wananenepa mpaka wanagombania nafasi ya kukaa.

"Mwongo wewe!" Nyati akakwaruza ardhi kwa kwato. "Nitakukanyaga!"

"Nikanyage, Bwana. Halafu atapika nani, pembe zako?" Sange akakoroga. "Uongo wangu uko wapi? Nilisema kibaba kwa kibaba. Nani amewahi kula kibaba cha bizari? Mimi kwenye chungu kizima natia ncha ya kijiko. Mngeuliza, ningewajibu."

Kiboko akameza mate, midomo bado ya njano kama ua la boga. "Tugawane basi, mama watoto. Tuhurumie."

"Mama watoto! Leo sio bibie tena? Lakini kilichochaguliwa hakirudishwi, mliapa wenyewe. Kula, mtakula. Mnaweza kupalilia?"

"Tunaweza!"

"Kuchota maji?"

"Tunaweza!"

"Na kwenye jiko hili, mdogo hupakua kwanza."

Wakatazamana. Tumbo la Kiboko likajibu kwa niaba yake: ngrrr!

Watoto wakapakua, wakala, wakaongeza. Sange akapakua. Wakubwa wakasukumiwa ukoko wa chini ya chungu. Nyati akatia tonge mdomoni, akakunja uso kwa mazoea.

"Mbona hakina chumvi?"

Watoto wote wakageuka kumtazama.

"Chumvi si unayo wewe, Bwana?" akasema Sange, akifunika chungu.

Basi wanangu, kabla hujauliza kitu kina nini ndani yake, uliza kwanza utakila kiasi gani.