Mkwe na Mama Mkwe Juu ya Ziwa

Ukibebwa na maji, usikimbie. Mmeisikia leo hapa jikoni, Shangazi Tabu alipomkanya bwana harusi anayetaka kila kitu kiishe upesi, mkaanza kuulizana ni maji gani hayo yanayobeba watu. Mmoja kasema mto, mwingine mafuriko. Hamkupatia hata mmoja. Wekeni visu chini, vitunguu havitakimbia, mnisikilize. Methali hii haina umri mkubwa, na walioizaa nawajua kwa majina. Asili yake ni hii.

Kulikuwa na kijana wa Ujiji, Rehani Kabwe, aliyekwenda kufanya kazi Ufini katika kiwanda cha mbao. Huko baridi si mzaha. Ukitoka nje na nywele mbichi, zinasimama kama fito. Rehani alikuwa na kigari chekundu cha milango miwili, kidogo hata marafiki zake wakakiita kiberiti. Kila asubuhi alikikwangua barafu kwenye vioo, akakibembeleza mpaka kikawaka, wakaenda kazini.

Mkewe, Zaituni, alipojifungua, mama yake alikuja kumlea mzazi. Jina lake Bi Mwamvua. Nanyi mnajua kwetu mama mkwe ni nani. Mwanamume hamkazii macho, hakai naye bega kwa bega, na akitumwa naye hasemi hapana. Rehani alikuwa na adabu mpaka ikapitiliza. Bi Mwamvua akiingia sebuleni, yeye anatoka. Nyumba yenyewe vyumba viwili, kwa hiyo maskini alishinda jikoni akijifanya anaosha vyombo.

Ng'ambo ya ziwa, katika mji mwingine, aliishi Bi Sikudhani na mwanawe. Yeye na Bi Mwamvua walikua pamoja Ujiji, wakachezwa ngoma pamoja, wakafiwa na waume karibu pamoja. Bi Mwamvua kwao alikuwa muosha maiti, na shoga yake alikuwa amemuusia: "Nikitangulia, unioshe wewe. Sitaki kuoshwa na mtu asiyenijua." Bi Mwamvua aliahidi.

Asubuhi moja simu ikalia. Bi Sikudhani ametangulia.

Maziko yalikuwa siku hiyohiyo baada ya adhuhuri. Wanawake wa kule walisema watamngoja Bi Mwamvua kadiri watakavyoweza, lakini maiti hacheleweshwi. Zaituni alikuwa na kichanga kifuani, hivyo wa kumpeleka mama hakuwa mwingine ila Rehani. Barabara inayozunguka ziwa ilikuwa imefungwa, lori limelala ubavu kwenye theluji. Ikabaki njia moja tu, nayo ilipita juu ya ziwa lenyewe.

Msinikodolee macho. Kule, ziwa likiganda sawasawa, wenyewe hupima unene wa barafu, husafisha theluji, husimika matawi kando kuonyesha njia, kisha magari hupita pale ambapo kiangazi hupita maboti.

Ufukoni palikuwa na kibao: usikimbie, usisimame, usilifuate gari jingine kwa karibu. Rehani alipunguza mwendo, akafungua mkanda wake na kuteremsha kioo kidogo. Akakohoa.

"Samahani, mama. Naomba ufungue mkanda."

"Siku zote mnanikaba na huu mkanda, leo nifungue?"

"Hapa watu hufungua, mama. Likitokea la kutokea, mtu atoke upesi. Tunapita juu ya maji."

"Maji yako wapi?"

"Chini yetu."

Bi Mwamvua akageuka, akamtazama mkwewe usoni kwa mara ya kwanza. Kisha akafungua mkanda.

Wakaingia. Mbele yao palikuwa na weupe mtupu, mpaka macho yakauma. Mbingu nyeupe, chini kweupe, na huko mbali mstari mwembamba wa misonobari. Kile kiberiti kilikuwa kama punje ya mchele juu ya shuka. Wawili hao, ambao nyumbani hawakukaa chumba kimoja, sasa walikaa wamegusana mabega, na Rehani alijikunyata mlangoni hata usukani akaushika kwa shida.

Mwalimu aliyemfundisha kuendesha wakati wa theluji alikuwa amemweleza sababu ya kile kibao. Gari linapopita juu ya barafu, huyasukuma maji ya chini, likatokea wimbi lisiloonekana. Ukienda pole, wimbi hutulia. Ukikimbia, hukua, huinua barafu na kuipasua, na kubaya zaidi ni karibu na ufuko, maana pale hugonga na kurudi.

Rehani aliyajua hayo yote. Lakini Bi Mwamvua alikuwa akitazama saa.

"Mkwe wangu, ongeza mwendo kidogo."

Rehani akaongeza kidogo.

"Baba, watamwosha watu wasiomjua. Ongeza."

Nanyi niambieni, angejibu nini? Aliogopa barafu, lakini kumkatalia mama mkwe aliogopa zaidi. Akakanyaga mafuta. Kiberiti kikaanza kuunguruma, matawi ya kando yakawa yanapita upesi upesi.

Ndipo ziwa likatoa sauti. Haikuwa sauti ya kuvunjika. Ilikuwa sauti nene, ndefu, iliyoanzia nyuma yao, ikapita chini ya miguu yao, ikaenda kupotelea mbele. Rehani aliisikia mpaka kwenye meno. Ufuko ulikuwa umeshakaribia, nyumba zinaonekana, na kati yao na ufuko ufa mweusi ulikuwa umechora njia toka upande huu hadi upande ule. Maji yalikuwa yakichuruzika juu yake.

"Kimbiza!" akapiga kelele Bi Mwamvua. "Kimbiza tutoke, baba, nchi kavu ile pale!"

Mguu wa Rehani ulitaka kutii. Akauondoa kwenye mafuta. Breki hakuigusa.

"Hapana, mama."

"Nini?"

"Hapana. Nisamehe. Tukikimbia, maji yatatutangulia ufukoni, yatapasua barafu yatungoje. Tutakwenda taratibu, hata kama tutamkosa Bi Sikudhani."

Alilisema hilo huku machozi yakimtoka, maana alijua anachomnyima. Kigari kikapoa, kikapoa, hata mtu angeweza kutembea kando yake. Wakaufikia ufa. Magurudumu ya mbele yakalowa, ya nyuma yakalowa, barafu ikalia kidogo, ikanyamaza.

Bi Mwamvua akainama kutazama nje. Upepo ulikuwa umefagia theluji mahali pale, na dirishani aliona barafu tupu, nyeusi, safi kama kioo. Ndani yake mapovu meupe yalikuwa yamepangana moja chini ya jingine, yakishuka mpaka macho yasipofika. Yeye, binti wa mvuvi, aliyezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika na kuyajua maji yanavyochukua watu, aliyaona maji yakiwa yamewashika wao na gari lao.

"Subhanallah," akasema kwa sauti ya chini. "Yangetaka yangetumeza. Yametubeba, nasi tunayakimbiza." Halafu akasema, "Nenda, mwanangu. Nenda hivyohivyo."

Walifika wamechelewa. Adhuhuri ilikuwa imeshaswaliwa, wanaume wamejaa mlangoni na jeneza. Lakini wanawake walikuwa bado wamekaa, sanda imekunjwa, maji ya uvuguvugu kwenye ndoo, hakuna aliyegusa. Bi Mwamvua akavua koti, akakunja mikono, akaingia kwa shoga yake.

Akaanza upande wa kulia. Akamimina maji begani, kidogo kidogo, akayafuata kwa kiganja mpaka kwenye vidole, akirekebisha kila kidole kama vile Bi Sikudhani angeumia. Msichana mmoja aliyeshika ndoo akamnong'oneza:

"Bibi, tuharakishe. Wanaume wanatungoja."

Bi Mwamvua hakuinua macho.

"Mwanangu, mimi leo nimebebwa na maji," akasema, akateka tena. "Na huyu mwenzangu sasa hivi ndiyo yanambeba, mara ya mwisho. Ukibebwa na maji, usikimbie."