Halwa ya Harusi ya Binti Twiga

Kale hiyo, watoto, kale ya wanyama kujenga nyumba za baraza na kuazimana chumvi, aliishi nguchiro mmoja mpika halwa, jina lake Somoe. Kimo kama cha paka, lakini ubishi wake ulijaza nyumba.

Halwa yake haikuwa na mpinzani. Alipika sufuria moja ndogo kila siku, peke yake, kuanzia kuchekecha wanga mpaka kufunga vikapu vya ukili. Ukitaka kumsaidia hata kupepea moto, anakutimua. Aliamini kabisa kwamba mkono wa mwingine ukigusa mwiko wake tu, halwa imeharibika.

Basi Jumatatu moja akaja Bi Twiga. Huyu kwa mambo ya shughuli ndiye aliyefuatwa na mji mzima. Akishona rangi ya urujuani, wote wanashona urujuani. Alikuwa anamwoza binti yake Ijumaa, na alitaka halwa ya wageni mia saba. Akasema kwa upole kwamba kama Somoe haiwezi kazi hiyo, atawaagiza wapishi wa ng'ambo ya mto, wala hapana ubaya.

Hapana ubaya! Somoe alijua fika kwamba Bi Twiga akienda ng'ambo, harusi zote za mwaka ule zitamfuata, na jiko lake litabaki la kupashia uji. Akajibu pale pale, bila kufikiri.

"Ijumaa asubuhi halwa yako itakuwa mlangoni, bibie."

Haya, umeahidi, pika sasa. Akaazima sufuria kubwa ya shaba, ile ya pilau za maulidi. Jumanne akawasha moto, akapindua kinu, akapanda juu yake, akashika mwiko mrefu kuliko yeye na mkia wake. Akakoroga, akakoroga. Jua likapanda, mabega yakamuuma, na hakushuka. Kumbe alikuwa anakoroga juu tu. Chini mwiko haukufika. Harufu ya kuungua ikatoka, ikaenea mji mzima, na halwa yote ikawa chungu.

Somoe akakaa chini akalia. Alilia kweli, na wewe unayecheka hapo nyuma ungelia zaidi. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga, akaapa kwamba kwa Bi Twiga haendi kusema ameshindwa.

Mikono yenye nguvu ilikuwepo mjini: Kiboko na Nyati. Lakini kuomba? Somoe, kuomba? Bora ameze kaa la moto. Akaamua kuwachezea akili.

Jumatano akaenda kwa Nyati, akamkuta anacheua barazani. Akamwamkia vizuri, akaulizia watoto, kisha akapenyeza kwamba Kiboko anapita akisema Nyati ana pembe tu, mikono hana. Hata sufuria moja ya halwa hawezi kuikoroga mpaka iive. Nyati akaacha kucheua. Kutoka hapo Somoe mbio mpaka kwa Kiboko, maneno yale yale, akabadilisha majina tu, na pembe akazifanya meno. Kila mmoja akasema kesho atafika kumwonyesha mwenzake. Somoe akarudi anacheka peke yake njia nzima.

Alhamisi mapema wakaja. Mmoja akashika mwiko upande huu, mwingine upande ule. Atakayeacha kwanza ameshindwa. Somoe juu ya kinu anaamrisha, kulia, kushoto, vuta, msimwage. Pwaka, pwaka, pwaka, halwa ikaanza kuwa nzito.

Mara Kiboko akafumba macho, akapunguza mwendo.

"Bi Somoe, chini kunaanza kushika. Toa kuni mbili."

"Kuni hazitolewi sasa. Nimepika halwa tangu nina meno ya utoto."

"Umepika kwenye sufuria ndogo," Kiboko akasema, macho kayafumba vilevile. "Mimi nashinda kwenye tope zito tangu nizaliwe. Najua chini kukoje."

Somoe akazitazama kuni. Katika sufuria yake ndogo, moto ukipunguzwa wakati ule halwa hulegea, isigande tena. Akitoa kuni na Kiboko amekosea, halwa ya harusi imeharibika. Akiziacha na Kiboko amesema kweli, imeharibika pia. Akanusa, hakupata kitu. Akachungulia, haoni kitu. Hapo ndipo alipojua, na ikamuuma sana, kwamba sufuria hii hajui kuipika.

Akashuka kwenye kinu, akavuta kuni mbili, akazifukia mchangani.

Wakaendelea. Kiboko anamwelekeza Nyati pa kukwangua, Nyati anakwangua. Somoe akarudi kwenye yale aliyoyajua: samli kidogo kidogo, iliki, zafarani, lozi. Alasiri akachota kidogo kwa kijiko, akapuliza, akaonja.

"Ipueni."

Ilikuwa inang'aa, na chini ya sufuria hapakuwa na doa hata moja.

Nyati akaweka mwiko, akauliza nani mshindi. Somoe alishaingiza mguu mmoja kwenye shimo lake nyuma ya jiko. Angepotelea humo, nani angemfikia? Lakini mlangoni alikuwa ameshasimama Pundamilia, amefuata harufu, anataka halwa nyingi ya arubaini ya mjukuu wake mchanga. Somoe akaitazama ile sufuria kubwa, akautoa mguu shimoni.

"Hakuna mshindi," akasema. "Nimewadanganya. Hakuna aliyemsema mwenzake. Niliogopa kuwaomba."

Kiboko akamtazama Nyati, Nyati akamtazama Kiboko, wakaangua kicheko mpaka vifuniko vikaanguka rafuni, kwa-ngwa-ra!

"Mimi na Kiboko tunaoga tope moja kila jioni," Nyati akasema, anajifuta machozi. "Maneno yako ya jana tulishayacheka kabla jua halijazama. Ungekuwa unatoka hapo jikoni, ungejua."

"Sasa mlikuja kwa nini?"

"Jumanne tulisikia harufu," Kiboko akasema. "Tukangoja utuite. Tukaona huiti, tukaja hivyo hivyo."

Pundamilia, pale mlangoni, akamuuliza Somoe kama sufuria ya namna ile anaweza kumpikia Jumapili.

Maneno "mimi naweza" yalikuwa yameshafika ulimini. Akayameza. Akauokota mwiko mrefu sakafuni, akauburuta kwa mikono miwili, akamkabidhi Kiboko.

"Muulize huyu," akasema. "Ndiye anayejua."

Basi nanyi, watoto, kazi yenu ikikua kuliko mikono yenu, ombeni mikono ya wenzenu bila hila, kisha muiache ifanye inachokijua.